Daftari la Miguu ya Mama Saroj

Inspekta Sabina Mayala alimwamkia mtuhumiwa shikamoo. Koplo Luhaga, aliyeegemea mlango wa chumba cha mahojiano na faili kwapani, akaguna. Kwa Luhaga, mtu aliyelala mahabusu haamkiwi. Lakini Zadok Aloo alikuwa na miaka sitini na minne, na Sabina alilelewa Magu na bibi ambaye hakuwa na mchezo na watoto wasioamkia watu.

"Marahaba, mwanangu," alisema Zadok. Kisha akakumbuka yuko wapi. "Marahaba, afande."

"Leo Jumamosi. Najua wewe ni Msabato. Utaniambia hufanyi kazi?"

"Kumsaidia mgonjwa sio kazi. Uliza."

Sabina akavuta kiti. Alikuwa na tabia ya kusimulia kesi kwa sauti kabla ya kuuliza chochote, ili wote waliomo chumbani waanzie mahali pamoja. Luhaga aliona ni kupoteza muda, na mwaka wa tatu huu alikuwa anaona hivyo hivyo.

"Mama Saroj, mke wa Mzee Natvarlal muuza vipuri vya boti, anakaa Pasiansi. Miaka sitini na miwili. Kisukari kimemharibia mishipa ya fahamu ya miguu, nyayo zinawaka moto. Miezi sita sasa anatumia unga wako. Juzi Alhamisi asubuhi ameanguka jikoni kwake. Mpaka sasa yuko hospitali, presha imeshuka na haitaki kupanda. Mume wake anasema umemlisha sumu. Jana wewe umekamatwa Busisi, ng'ambo ya daraja, na begi kubwa."

"Begi la magunia matupu. Kila Ijumaa navuka kwenda kupokea manjano mabichi kwenye malori yanayotoka Kagera. Muulize dereva yeyote pale."

"Tumemuuliza. Amekubali."

Luhaga akakohoa. Yeye ndiye aliyeandika kwenye ripoti kwamba mtuhumiwa alikuwa anatoroka, tena alipigia mstari.

"Sasa sikiliza, Mzee Zadok," Sabina aliendelea. "Daktari wake, Dokta Shimba, amenipigia saa moja asubuhi. Wanamtilia dripu, presha inapanda kidogo, inashuka tena. Amesema kama hatutamwambia leo huyu mama amekula nini, kesho tusimpigie. Sampuli ya unga wako iko maabara, majibu ni Jumatano. Jumatano ni mbali. Umeweka nini kwenye ule unga?"

Zadok akaweka viganja vyake mezani. Vilikuwa vya njano mpaka kwenye mikunjo, rangi ambayo hata sabuni ya magadi haiwezi kuing'oa.

"Manjano. Pilipili manga kidogo. Tangawizi. Basi. Na masharti: kijiko kimoja asubuhi, ukikoroge kwenye maziwa ya moto na samli."

"Samli ya nini?"

"Bila mafuta na pilipili manga, manjano inapita tumboni na kutoka, mwili haujaishika. Mimi nilikuwa mhudumu wa maabara kwenye chuo cha kilimo miaka kumi na tisa, afande. Mimi sio mganga wa tunguri." Hapo sauti yake ikapanda kidogo, maana jana nzima walikuwa wanamwita mganga. "Mshipa wa fahamu ukikaa kwenye uvimbe unapiga kelele, ndio ule moto wanaousikia. Ndani ya manjano kuna kitu kinachotuliza uvimbe. Uvimbe ukitulia, mshipa nao unapumua. Lakini ni polepole. Mwezi, miwili, hata mitatu, ndipo mtu aseme afadhali."

"Afadhali, au amepona?"

"Afadhali. Wengine hata hiyo hawaipati."

"Lakini Mama Saroj alipona," alidakia Luhaga. "Mji mzima umeutangazia. Picha yake umeibandika ukutani kwako."

Zadok akamtazama. "Alipona," alisema, na hata pale mahabusu uso wake ulifunguka. "Alikuwa hawezi kupanda ngazi za hekalu lao. Mwezi wa sita alizipanda zote. Sijawahi kuona kitu kama kile. Nilitaka niende na daftari lake kwa wale watafiti wanaopima dawa za mimea, niwaambie, haya, njooni mpime na hii."

"Daftari gani?"

"Daftari la miguu. Kila mgonjwa wangu nampa. Kila asubuhi anaandika namba ya maumivu, sifuri mpaka kumi. La kwake analiandika mkwe wake, Bhumika."

Hakukuwa na daftari lolote kwenye orodha ya vielelezo. Sabina akamgeukia Luhaga, na Luhaga akawa anasoma tangazo la ukutani.

Nje, wakielekea kwenye gari, Luhaga alitoa nadharia yake. Zadok ana binti, Akinyi, anauza duka la dawa hapa hapa Ilemela. Baba anasaga manjano, binti analeta vidonge vikali, wanachanganya, wagonjwa wanaona muujiza. Safari hii wamezidisha.

"Sio wazo baya," alisema Sabina, na alimaanisha. Vitu hivyo vinatokea. "Huo unga wa Mama Saroj, ni wake peke yake?"

"Hapana. Amesaga mfuko mmoja, akawagawia watu kumi na moja. Majina yako kwenye simu yake."

"Basi wapigie wote. Uliza mambo mawili. Maumivu yameisha? Na uso umenenepa?"

"Uso tena?"

"Luhaga, piga simu."

Swali la uso lilitokana na picha mbili tu zilizokuwa kwenye faili, ambazo Mzee Natvarlal alizileta mwenyewe. Ya sikukuu ya Diwali ya mwaka jana ilimwonyesha mwanamke mwembamba, mashavu yameingia. Ya mwezi wa nane mwaka huu ilimwonyesha mtu yule yule na uso wa mviringo kama sahani ya chai. Mikono ilikuwa myembamba vilevile. Sabina alikuwa ameitazama picha hiyo tangu jana na haikumkalia sawa.

*

Nyumba ya Pasiansi iko juu ya mwamba, na ukiwa jikoni unaliona ziwa lote mpaka kule ndege zinakotua. Bhumika, mke wa mtoto wao mkubwa, aliwafungulia mlango macho yakiwa mekundu. Mume wake alikuwa njiani kutoka Dar. Baba mkwe hajarudi kutoka hospitali tangu Alhamisi.

"Chai?" aliuliza.

"Usijisumbue, dada. Nataka unionyeshe anavyokunywa dawa."

Bhumika akashusha kopo la bati kutoka kwenye rafu. Lilikuwa tupu, unga uliobaki uliondoka na polisi. Akaonyesha kijiko, kikombe, chupa ya samli. Wakati anaeleza, Sabina alikuwa anatazama kalenda ya ukutani, yenye picha ya mungu wa kike aliyempanda simba. Siku tisa zilikuwa zimezungushiwa wino mwekundu, kuanzia Jumatatu.

"Hizi ni nini?"

"Navratri. Siku tisa za kufunga. Mama anafunga zote, kila mwaka."

"Kufunga kwenu ni kutokula kabisa?"

"Hapana. Maziwa anakunywa, viazi, matunda, karanga, chumvi ya mwamba. Hakuna nafaka, hakuna kitunguu, hakuna manjano."

Sabina akageuka taratibu. "Rudia hapo mwisho."

"Hakuna manjano. Nyumba nyingine wanatumia, kwetu hapana. Mama yake mama alikuwa hivyo, naye yuko hivyo."

"Na unga wa Mzee Zadok?"

"Si ndiyo manjano yenyewe? Aliuacha tangu Jumatatu. Nilimwambia, Mama, hii ni dawa, Mungu anajua. Akasema, na mimi najua."

Luhaga aliyekuwa mlangoni, simu sikioni, akashusha simu.

"Dada Bhumika," Sabina alisema kwa upole, "kwenye maelezo yako umesema Mama anakunywa ule unga kila siku."

"Askari aliuliza kama anatumia. Nikasema anatumia. Hakuuliza kama ametumia wiki hii."

Askari mwenyewe alikuwa Luhaga. Sabina hakumtazama, maana angemtazama angesema neno, na mbele ya watu haifai. Alihesabu kwa vidole. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Siku ya nne ameanguka. Kama ule unga una sumu, basi ni sumu ya ajabu, mtu anaila miezi sita anapanda ngazi, anaiacha siku tatu anaanguka.

"Lete daftari," alisema.

Lilikuwa la shule, la mistari, limefunikwa karatasi ya kaki. Bhumika alikuwa na mwandiko wa mtu makini. Upande wa kushoto tarehe na namba ya maumivu. Upande wa kulia aliongeza kitu ambacho hakuna aliyemwomba: sukari ya asubuhi, kwa sababu kipimo kilikuwa pale pale na daftari lilikuwa wazi.

Sabina alisoma akipitisha kidole. Siku ya kwanza, tisa. Tisa. Tisa. Nane. Tisa. Alifungua kurasa. Nane, nane, saba, nane. Siku ya arobaini na mbili, saba. Siku ya arobaini na tatu, tano. Siku ya arobaini na nne, tatu. Siku ya arobaini na tano, mbili. Baada ya hapo ni mbili na moja, moja na mbili, mpaka wiki hii.

"Siku tatu," alisema. "Wiki sita anashuka ngazi mbili, halafu siku tatu anashuka tano."

"Tulilia kwa furaha," alisema Bhumika. "Mama alicheza jikoni hapa."

Kidole cha Sabina kilihamia upande wa kulia. Sukari, iliyokuwa tisa na kumi, kuanzia wiki hiyo ilianza kupanda. Kumi na mbili. Kumi na nne. Kumi na sita.

"Alikuwa anakula sana?"

"Kidogo kuliko zamani! Nikampeleka kliniki, wakamwongezea sindano. Lakini watu wote wakasema amenawiri. Angalia uso, walisema, huyo ni mtu mwenye raha."

"Na ladha ya unga? Ilibadilika?"

Bhumika akafikiri. "Alilalamika. Alisema umekuwa mchungu, mchungu wa kubaki kwenye ulimi. Baba akamwambia Zadok ameongeza nguvu."

Luhaga akaingia jikoni. "Afande, nimewapata tisa kati ya kumi na moja. Mvuvi mstaafu wa Igombe anasema anasikia nafuu kidogo. Mwalimu mmoja anasema ameacha, haoni kitu. Wengine ni hivyo hivyo. Hakuna aliyenenepa uso. Na hakuna hata mmoja aliyepona."

"Hakuna aliyepona?"

"Hakuna, afande."

"Vizuri sana."

"Vizuri vipi tena?"

"Mfuko ni mmoja, Luhaga. Watu tisa wanakula manjano na kupata cha manjano. Mtu mmoja anapata muujiza. Basi muujiza haukuingia kwa Zadok. Uliingia humu ndani. Mwache Akinyi wa watu auze duka lake." Akamgeukia Bhumika. "Mama anatumia vidonge gani vya hospitali?"

"Hakuna. Sindano ya sukari tu. Vidonge ameapa."

Ikabidi aeleze, na alieleza akiwa amekaa. Miaka mitatu iliyopita Mama Saroj aliandikiwa dawa ya miguu, zile za ganda, nusu nyekundu nusu nyeupe. Alizimeza miezi miwili. Siku moja mgeni kutoka Nairobi akamwambia lile ganda linatengenezwa kwa ngozi na mifupa ya ng'ombe. Mama hakulala. Alitapika, akafunga wiki nzima, akaapa mbele ya mungu wake kwamba hataingiza tena kidonge cha hospitali mdomoni. Ndipo akaanza kuteseka kwelikweli. Ndipo mtu akamtaja Zadok.

"Unga ukishaletwa na Zadok, unapitia kwa nani kabla ya kuingia kwenye kopo?"

"Kwa Baba. Anauchekecha." Bhumika akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Baba hajawahi kuchemsha hata maji katika maisha yake. Lakini unga wa Mama anauchekecha mwenyewe, chumbani, mlango umefungwa. Anasema una vumbi la mashine, hataki Mama aumie tumbo."

"Zadok anachekecha mara tatu kabla hajauza," alisema Luhaga. "Ameniambia jana, nikaona ananisumbua."

"Alianza lini Baba kuchekecha?" aliuliza Sabina.

"Sio mwanzoni. Kopo la pili. Mwezi wa tano hivi."

Sabina akafunua daftari kwenye siku ya arobaini na tatu. Ilikuwa mwezi wa tano, tarehe kumi na mbili. Alimwambia Luhaga ajaze hati ya upekuzi, akamwomba Bhumika awe shahidi, na wote watatu wakaingia chumba cha wazee.

Chekecheo kilikuwa kwenye kabati la nguo za Mzee Natvarlal, nyuma ya sweta, kimefungwa kwenye gazeti pamoja na kinu kidogo cha jiwe. Nyavu zake zilikuwa za njano. Sabina akakipeleka dirishani. Katikati ya ile njano, kwenye pembe za waya, kulikuwa na chembechembe nyeupe.

Bhumika aliziona pia. "Hapana," alisema. "Baba? Hapana, afande. Baba anampenda."

"Sijasema hampendi," alijibu Sabina.

*

Mzee Natvarlal alikuwa kwenye benchi la korido, nje ya wodi ya wagonjwa mahututi, viatu amevivua na kuvipanga chini. Alikuwa mtu mkubwa aliyepungua ghafla. Sabina akaamkia, akakaa pembeni yake. Luhaga akabaki mbali, kama alivyoagizwa.

"Mmemfunga yule muuaji?"

"Yuko ndani, mzee."

"Vizuri. Mke wangu akifa, nataka anyongwe." Alikohoa, kile kikohozi chenye filimbi, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa shati, ukagusa kitu, ukarudi.

Sabina akaweka furushi la gazeti juu ya benchi, katikati yao. Akalifungua upande mmoja tu. Nyavu za njano zikaonekana.

Mzee alitazama. Wala hakushtuka, na hilo lilimshangaza Sabina. Mzee alikasirika.

"Mmeingia chumbani kwangu?"

"Kwa hati, na Bhumika akiwepo. Hizi nyeupe ni nini, mzee?"

"Hilo halihusiani. Hiyo si sumu! Sumu ni ya yule Mjaluo na majani yake."

"Sijasema sumu. Nimeuliza ni nini."

"Ni dawa. Dawa ya hospitali, safi. Mimi mwenyewe nimetumia, daktari ameniandikia, ya pumu yangu." Alitoa kichupa kwenye mfuko wa shati akakitikisa ili Sabina asikie vizuri kwamba ni vidonge. "Dawa ya kiwandani inaweza kuua mtu? Majani ya porini ndiyo yanaua."

"Unampa tangu mwezi wa tano."

Muuguzi alipita na trei. Mzee akaanza kuongea akitazama mlango wa wodi.

"Wewe hujui usiku wake. Shuka likimgusa mguu, analia. Miaka arobaini na moja nimekaa naye, amezika watoto wawili, hajalia mbele yangu. Kwa shuka akalia. Ule unga ukamsaidia kidogo. Kidogo tu! Mimi zamani niliumia mgongo wakati natumia hivi vidonge, na mgongo ukanyamaza siku mbili. Nikasema, mbona mimi napona na yeye anateseka? Nikachagua kidonge kigumu, sio cha ganda. Hakina ng'ombe. Nilisoma karatasi yake yote. Nikasaga vinne kwa kila kijiko. Nikachanganya na manjano ili asijue, maana ameapa. Kama kuna dhambi, ni yangu, sio yake."

"Daktari alikuuliza kama anatumia vidonge."

"Bhumika alikuwa amesimama hapo. Na Saroj alikuwa amefumba macho, lakini anasikia. Najua alikuwa anasikia. Nimwambie hapo hapo kwamba nimemvunjia kiapo chake?"

"Mzee Natvarlal," alisema Sabina, "Jumatatu mkeo alianza kufunga. Aliacha manjano. Wewe ulikuwa wapi?"

"Dukani. Jikoni siingii."

"Alipoacha manjano, aliacha na vidonge vyako. Siku moja, kutoka vinne mpaka sifuri. Na hakujua kwamba kuna kitu ameacha."

Mzee aligeuka kumtazama. Hakuelewa bado, na Sabina hakuwa na muda wa kumsubiri aelewe. Alichukua kile kichupa mkononi mwake, akasukuma mlango wa wodi alioambiwa asiusukume, na kumkuta Dokta Shimba ameinama juu ya kitanda, anasoma mashine.

"Nimekwambia hapa huingii na viatu," alisema daktari bila kugeuka.

"Hii. Vinne kila siku, miezi minne na siku kumi. Ameacha ghafla Jumatatu."

Dokta Shimba akasoma kichupa. Mkono wake mwingine ulikuwa tayari umenyanyuka kumwita muuguzi.

"Prednisoloni," alisema. "Ndiyo inayovimbisha uso na kupandisha sukari. Nani kasema hatumii kidonge chochote? Niliuliza mara mbili! Mwili ukizoeshwa hii unaacha kutengeneza homoni yake yenyewe. Ukiinyang'anya ghafla, hauna kitu. Presha, sukari, vyote chini. Siku mbili natafuta sumu, kumbe mtu amekosa dawa!" Kisha akaacha kumlaumu mtu, akaanza kutoa amri, na sindano ikaingia kwenye dripu saa nane kasoro dakika tano. Sabina aliiandika saa hiyo kwenye kijitabu chake, kwa mazoea.

Alipotoka, Mzee Natvarlal alikuwa amesimama peku kwenye sakafu.

"Ni mimi?" aliuliza. "Sio yule? Ni mimi?"

"Ni wewe, mzee," alisema Sabina, kwa sababu alikuwa na haki ya kuambiwa. "Kaa chini. Anaweza kuamka. Wakati tunasubiri, nitaandika maelezo yako."

*

Mama Saroj alifumbua macho jioni ile, na Jumapili asubuhi aliomba maziwa. Mume wake alimweleza mwenyewe, kwa Kigujarati, ameshika ukingo wa kitanda. Sabina hakuelewa neno hata moja. Aliona tu mgonjwa amegeuza uso ukutani. Kisha akasema kitu kifupi.

Bhumika akaziba mdomo. "Amesema akitoka hapa, atakayefunga ni Baba," alitafsiri. "Siku arobaini. Na atachemsha maji mwenyewe."

Jumapili saa sita mchana Sabina alimtoa Zadok mahabusu. Faili halikuwa limefungwa. Sasa lilikuwa na jina jingine juu yake, na wakubwa ndio wangeamua mzee wa miaka sabini aliyemlisha mkewe dawa kwa siri ashitakiwe kwa lipi. Lakini Zadok alikuwa huru. Alirudishiwa mkanda, saa, simu na magunia yake matupu, na kaunta ikamkabidhi karatasi ya kuachiwa asaini.

Hakusaini. Alitaka kusikia yote, tangu chekecheo mpaka sindano, na Sabina alimsimulia kwa sauti kama kawaida yake.

"Unga wako ni safi," alimalizia.

"Safi," alisema Zadok. Alitazama viganja vyake. "Kwa hiyo zile ngazi za hekalu hazikuwa za kwangu."

"Hazikuwa za kwako."

"Ile mbili, nilipoiona kwenye daftari, nilishangaa. Nakwambia ukweli, nilishangaa. Siku tatu! Miaka kumi na tisa ya maabara ilikuwa inaniambia hapa kuna kitu. Lakini nilikuwa nimefurahi mno. Ningeuliza mwezi ule, huyu mama asingeanguka." Machozi yalimjaa machoni, akayaacha hivyo hivyo. "Nitaibandua ile picha."

Luhaga, ambaye siku nzima alikuwa ameongea kidogo kuliko kawaida, alisogeza kalamu karibu na karatasi. "Saini, mzee, ukapumzike."

Sabina akafungua bahasha ya vielelezo. Akatoa daftari lenye karatasi ya kaki, akaliweka juu ya kaunta na kulifungua ukurasa wa kwanza.

"Mzee Natvarlal alianza kuchanganya siku ya arobaini na tatu," alisema. "Kabla ya hapo ulikuwa wewe peke yako."

Zadok akavaa miwani. Alisoma bila haraka. Tisa, tisa, tisa, nane, tisa. Alifungua ukurasa, akarudi nyuma, akafungua tena. Alipofika mwisho wa wiki ya sita aliweka kidole pale na hakukiondoa.

"Saba," alisema.

"Nimemuuliza Dokta Shimba. Anasema saba ya mtu mmoja haithibitishi kitu. Huenda ni hali ya hewa, huenda ni matumaini."

"Kweli kabisa. Haithibitishi." Alifuta miwani na shati, akaivaa tena. "Kutoka tisa hadi saba. Naomba kalamu."

"Hicho ni kielelezo, Mzee Zadok. Huwezi kuandika humo."

"Siandiki humo."

Aligeuza ile karatasi ya kuachiwa, upande usio na maandishi, akachora mistari miwili kwa mkono, tarehe huku na namba kule. Akaanza kunakili, siku moja baada ya nyingine, bila kuruka hata zile ambazo namba ilipanda tena.

Koplo Luhaga alimsubiri dakika kumi. Alimshikia magunia, akayaweka chini, akayashika tena. Mwishowe akasema yuko huru, mlango uko wazi, anaweza kwenda nyumbani.

Zadok hakuinua kichwa.

"Subiri kidogo, mwanangu," alisema. "Nimefika siku ya thelathini."